Nilirudisha Kadi Kapuni, Akaichukua Wifi Yangu

Mama Noh, mshauri wetu, salamu katika Bwana. Nakuomba sana jina langu usilichapishe, na haya mengine nitakayoyataja uyabadilishe, maana Gunsan ni mji mdogo na wateja wangu wa vitoweo hapa sokoni wote wanasoma gazeti lako la kanisa, wengine huja nalo kufungia samaki wakavu, na nikijulikana sijui nitauweka wapi uso wangu. Kwa miaka nimekuwa nikisoma ukurasa huu nikiwacheka wanaokuandikia, nasema hawa watu hawana haya, mambo ya nyumbani wanayaanika hadharani, na leo ni mimi.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kapu. Unaijua desturi yetu ya Jumapili ya kwanza ya mwaka, kapu la kadi za Neno linapitishwa, kila mmoja anachomoa kadi yake iliyoviringishwa na kufungwa utepe, na mstari uliomo ndio ahadi yake ya mwaka mzima, anaupiga picha, anaubandika kwenye friji. Kanisani kwetu hakuna anayelichukulia hilo mchezo. Mwaka juzi mzee mmoja wa kwaya alichomoa mstari wa bonde la mauti, na kabla maua ya masika hayajachanua tukawa tumeshamzika, na tangu hapo watu huingiza mkono kapuni wakiwa wamefumba macho.

Basi kapu likanifikia mimi kabla ya wifi yangu Sun-im, dada mdogo wa mume wangu, aliyekaa kuliani kwangu, nikachomoa, nikaifungua kidogo kwa kidole gumba, nikaona habari za kujaribiwa katika tanuri la mateso, nikamfikiria mwanangu Se-yun aliye jeshini, nikalifikiria goti langu, nikalifikiria duka, nikajitia kukohoa, nikainama, nikaiviringisha tena ile kadi, nikairudisha juu ya zile nyingine na kuchomoa moja ya chini kabisa, nayo ilikuwa ya malisho mabichi na maji ya utulivu, nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kapu likasogea kwa Sun-im. Sun-im hana makuu, yeye huchukua cha juu siku zote, hata kwenye sahani ya keki za mchele. Akaifungua, akaisoma, akaangua kicheko.

“Wifi, hebu ona, mwaka huu napikwa! Wewe umepata nini?”

“Malisho,” nikasema.

“Afadhali. Mimi nikiiva, wewe utakula.”

Tukacheka wote wawili, ila changu kilikuwa kicheko cha mdomoni tu.

Masika tumbo likaanza kumsumbua, akasema ni vidonda, akanywa dawa za duka, akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni akiosha kabichi, na walipompima wakamwambia ni saratani ya tumbo. Yuko hospitali huko Jeonju, upasuaji ni mwisho wa mwezi huu. Mumewe alikufa zamani, watoto hakujaliwa, na mtu wa kulala naye wodini ni mimi tu, na ni mimi niliyemleta kanisani, nilimbembeleza miaka miwili kwa supu ya kuku mpaka akakubali. Sijakwenda kumwona hata mara moja. Mara nina oda ya vitoweo vya harusi, mara mafua, mara goti. Namtuma mume wangu na uji, nakaa dukani napanga vibakuli upya, kwa sababu nikimfikiria pale kitandani naona kitu kilichoandikwa kwa ajili yangu kimemkalia mwenzangu.

Mama Noh, hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni hili. Kwenye kikundi chetu cha sala, nyumbani kwa Shemasi Ma, tulikuwa tunamenya viazi vitamu, na Shemasi Ma akasema, “Lakini jamani, mbona Sun-im? Mtu hanywi pombe ya soju, hamsemi mtu, kila Jumapili yuko jikoni anachemsha tambi za kanisa zima.” Wote wakanigeukia kwa kuwa mimi ndiye wa familia, na mimi nikaona kama wanajua, nikaona lazima pawepo sababu nyingine isiyo mimi, nikasema, “Mungu hampigi mtu bure. Pengine kuna jambo ambalo hajalitubu.” Wakatikisa vichwa. Mmoja akaguna, “Hee, kumbe.” Nikala kiazi changu.

Wiki iliyopita Sun-im akanipigia simu. Sauti yake imekuwa ndogo. Akasema, “Wifi, kuna mtu wa kanisani kanishauri nichunguze dhambi zangu. Nimechunguza. Nimekumbuka hadi pea niliyoiba kwenye shamba la jirani nikiwa darasa la tatu. Nimetubu ile pea mara nyingi mpaka nesi ananiuliza naongea na nani. Zaidi ya hapo sioni. Nisaidie, wifi, wewe umemjua Mungu muda mrefu kuliko mimi. Yukoje?”

Nikasema, “Yukoje vipi?”

“Yukoje tu. Wewe umekaa kwake zaidi ya miaka ishirini. Ni wa namna gani? Nikilala pale mezani wakanifungua tumbo, nitakuwa mikononi mwa nani?”

Nikafumba macho nipate la kumwambia, na aliyenijia, Mungu anisamehe, ni yule bibi mpiga ramli ambaye marehemu mama alinipeleka kwake kila mwaka mpya nilipokuwa mtoto, anamwaga mchele mezani, anautazama mchele, halafu ananitazama mimi. Nikamwambia Sun-im kuna mteja, nikakata simu. Mteja hakuwepo.

Sasa kila alfajiri niko kanisani kwenye maombi, naomba Mungu arudishe ugonjwa kwa mwenyewe, yaani mimi, na kabla sijasema amina naanza kutetemeka asije akanisikia. Nimemweleza mume wangu, akaniambia, “Mama Se-yun, nyamaza. Mgonjwa haongezewi mzigo.” Mama Noh, ninyamaze? Nifunge kula mpaka Mungu alainike? Na nikimwambia Sun-im, akafa akiwa amenikasirikia, nitaishije? Nisaidie, ninaona haya hata kujitazama kwenye kioo cha friji za duka langu.

Mimi, mwuza vitoweo, Gunsan.


MAMA NOH ANAJIBU

Majina nimeyabadilisha, na mji pia si huo, kwa hiyo tulia. Barua yako nimeiruhusu iruke foleni kwa sababu upasuaji hausubiri gazeti. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Saratani ya wifi yako haikutoka kapuni. Marehemu mume wangu alikuwa mchungaji, na kila Desemba kadi hizo zilijaa sebuleni kwetu, mimi na akina mama tukizikata kwa mkasi na kuzifunga utepe huku tunakula machungwa. Mwaka mmoja wazee wa kanisa wakalalamika kwamba mistari mikali inawatisha waumini, tukaiondoa yote, kapu zima likawa baraka tupu. Mwaka huo tulizika watu kama kawaida, na mama aliyepata ahadi ya kulindwa aendako akavunjika mguu kwenye ngazi za kanisa, kadi ikiwa mkobani.

Lakini najua hilo halitakutoa hofu, maana tatizo lako halikuwa karatasi. Hebu mtazame huyo Mungu uliyeniandikia habari zake. Ana ugonjwa mkononi, anatafuta wa kumpa. Anakulenga wewe. Wewe unakohoa, unainama, unabadilisha kadi, naye anampiga aliyekaa jirani, wala hajui kwamba amekosea mtu. Huyo ni katili, tena ni mjinga, umemzidi ujanja kwa vidole viwili! Mimi huyo nisingemkaribisha hata chai, sembuse kumwamkia kila alfajiri. Nawe umemtumikia miaka yote hiyo, ukamtolea sadaka, ukampikia vitoweo, bila kumtazama usoni mara moja ukauliza, hivi huyu ndiye?

Huwa naulizwa kwa nini Mkristo wa kawaida ahangaike kujua Mungu ni wa namna gani. Wanasema hayo ni ya wachungaji na vyuo vyao, sisi tuombe, tutoe, tuoshe vyombo, yatosha. Jibu lao ni wewe, dada yangu. Moyo usiomjua Mungu haukai mtupu. Unamweka humo yeyote aliyewahi kuutisha utotoni, unampa kiti, unamwita Baba. Wewe ulibatizwa, ukajifunza nyimbo mpya, ukabadilisha siku ya ibada, na yule bibi wa mchele ukaja naye. Kwa hilo nakuhurumia kweli. Mtoto mdogo anayetazamwa vile mwaka baada ya mwaka hana kosa, na mama mwenye mwana jeshini akishikwa na woga, mimi si wa kumcheka. Wangu wawili walipita huko huko.

Ila nilipofika kwenye viazi vya Shemasi Ma nilivua miwani nikaiweka chini, maana nilikasirika. Hapo hukuwa mtoto. Ulijua unachofanya. Ulitaka kujificha, ukachukua jina la Mungu ukajifunika, na wifi yako ukampaka matope. Umeona yaliyofuata: mgonjwa amelala na mirija mwilini, anatubu pea. Ulimsingizia Sun-im, ndiyo, lakini kabla yake ulimsingizia Mungu, na usingeweza kumsingizia hivyo kama ungekuwa unamjua. Wanafunzi walimwuliza Yesu habari za yule kipofu, nani alikosa, yeye au wazazi wake. Akakataa yote mawili, akainama, akatengeneza tope, akamshughulikia mtu. Kama yule aliyeinama, ndivyo Mungu alivyo. Kila unapotaka kusema Mungu yukoje, pima maneno yako kwa huyo, na yasipofanana naye, funga mdomo.

Kwa hiyo utafanya hivi. Kikundi kitakapokutana, utasimama nyumbani kwa Shemasi Ma na kusema kwamba ulisema uongo juu ya Sun-im kwa sababu ya woga wako. Sema hivyo hivyo. Usiniletee habari za “kama nimemkwaza yeyote.” Watakushangaa, watakusema ukitoka mlangoni, na utastahimili, kwa kuwa Sun-im amesemwa akiwa hana hata nguvu za kujitetea.

Kisha utafunga duka na kwenda Jeonju kulala wodini mpaka atoke. Mumeo anasema mgonjwa haongezewi mzigo. Mzigo anao tayari, wewe ndiye uliyemtwika, na hakuna mwingine anayeweza kumtua. Mwambie kwanza habari ya yale maneno, kwamba yule aliyesababisha achunguze dhambi zake ni wewe, halafu mwambie habari ya kadi. Sema kwa ufupi. Usilie mpaka yeye aanze kukubembeleza wewe, kazi hiyo si yake wiki hii. Kufunga kula acha, Mungu halainishwi kwa njaa yako, na anayelala na mgonjwa anahitaji kula. Na yale maombi ya kuhamisha ugonjwa yakome leo. Hata wewe mwenyewe huyaamini, ndiyo maana unatetemeka.

Unauliza, je, akifa akiwa na hasira na wewe? Inaweza kuwa. Sitakudanganya. Hasira yake itakuwa ya haki, na ni afadhali afe anakukasirikia wewe kwa jambo la kweli kuliko afe anamwogopa Mungu kwa jambo la uongo.

Chukua Injili moja, yoyote, mwanzo mpaka mwisho, umsomee kidogo kidogo, bila kuchomoa mistari. Na akikuuliza tena Mungu yukoje, usimkaririe ya mimbarini. Mwambie, “Sijui, wifi. Nimekaa nyumbani kwake bila kumtazama. Tumtazame pamoja.” Akikukasirikia, kaa. Akikugeuzia mgongo, kaa. Akikufukuza, toka ukae kwenye benchi la koridoni, na asubuhi uingie na uji. Itakuwia vigumu, utatamani ukimbie, na kila utakapotamani kukimbia ukabaki, fahamu kwamba miezi yote hii, wewe ukikimbia na kumsema vibaya, Mungu alikuwa amekaa kwako namna hiyo hiyo.

Mama Noh