Jina langu kwenye orodha ya marehemu

Jumapili, Novemba. Utange.

Mvua ilipiga alfajiri ikakata kabla ya saa mbili, na sasa joto limerudi. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Nyumba iko kimya. Redio nimeizima mwenyewe, halafu nikaanza kunung'unika kwamba hakuna sauti ndani.

Leo nimeombewa sala ya wafu, na mimi ni mzima.

Nianze mwanzo. Danieli, mume wangu, ana miezi minane kaburini kwao Taita. Alifia kazini Bamburi, moyo ulisimama ghafla, asubuhi ambayo tulikuwa tumeagana kwa kununiana. Nilikuwa nimemwambia kwamba mtu asiyekanyaga kanisani nusu mwaka asinifundishe namna ya kuishi. Alichukua kofia yake ya kazi akatoka.

Hilo ndilo linaloniumiza. Sijui alikufa na nini moyoni, kwa hiyo sijui yuko wapi.

Kanisa letu, hili la wokovu nililoingia nilipoolewa, halina shaka: mtu akifa, mambo yake yamefungwa. Hatuombei wafu. Nilimuuliza mchungaji wiki moja baada ya maziko. Ni mtu mpole, alinishika mkono akasema, "Dada Agnesi, ya Danieli yameisha. Wewe jiombee nguvu." Niliitikia amina. Lakini kila nikipiga magoti, jina la kwanza kunijia mdomoni lilikuwa lake, na ikanibidi nilimeze. Mwishowe nikaacha kupiga magoti kabisa. Sijamwambia mtu.

Kina dada wa ushirika walikuja mwezi wa kwanza wa msiba na masufuria ya chakula na nyimbo. Kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Siwalaumu.

Nadanganya. Nawalaumu kidogo.

Aliyenisukuma ni Bi Mwanaisha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye kila Alhamisi jioni huwasomea wafu wake Yasini, na akimaliza huniita kwa kahawa. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Wallahi mwanangu, waogopa nini? Kwani ukimuombea atatoka kaburini akushtaki kwa mchungaji wako?"

Mimi nilizaliwa Mkatoliki. Kila Novemba mamangu aliandika majina ya wafu wetu akayapeleka kanisani yaombewe. Basi Jumapili iliyopita nilijitanda leso mpaka kwenye paji la uso kama mwizi, nikaingia parokia ya huku kwetu, nikachukua kikaratasi, nikakijaza mbio mbio, nikakitia kikapuni mbele ya altare na kutoka.

Leo nimerudi kusikia jina lake likisomwa. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Katekista alisoma majina taratibu, na baada ya kila marehemu akamtaja aliyeleta ombi. Nikangoja. Ndipo akasema, "Marehemu Agnesi Mghoi. Ombi limeletwa na Danieli Mwakio."

Kanisa zima likaitikia, apumzike kwa amani.

Hakuna aliyegeuka. Hakuna anayenijua pale.

Kosa ni langu. Kwenye vikaratasi vya maombi vya kanisa letu, jina la juu ni la mwenye shida, la chini ni la anayemwombea. Miaka kumi na miwili nimejaza hivyo. Cha parokia kiko kinyume, na kwa haraka zangu sikusoma.

Kwanza nilitaka kucheka, nikaziba mdomo kwa leso. Kisha machozi yakaja na hayakutaka kukoma. Miezi minane sijasikia mtu akilitaja jina langu mbele za Mungu. Leo limetajwa, na aliyetajwa kuniombea ni Danieli, yule niliyemnunia.

Baada ya misa nilimfuata katekista nikamweleza. Mzee wa watu alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Ala! Kumbe mama u mzima! Tuwie radhi." Akanipa kikaratasi kipya, maana majina yanasomwa mwezi mzima. Nikamwomba na kile cha zamani. Alisita kidogo, akakitafuta kikapuni, akanipa.

Kipya nimekijaza hapa mezani, polepole safari hii. Juu mimi, chini yeye. Sikuwahi kuandika neno marehemu mbele ya jina lake. Mchungaji akisikia, na asikie.

Cha zamani nimekiweka ndani ya Biblia ya Danieli. Najua ni kosa la kalamu tu. Mamangu aliamini kuwa wafu nao hutuombea sisi, kanisa langu linasema hapana, na mimi sijui. Lakini je, kama kweli ananiombea? Kama hakuondoka amenuna?

Jioni hii nimepiga magoti, mara ya kwanza baada ya miezi. Jina lake sikulimeza. Nililitoa kwa sauti, kubwa kuliko nilivyokusudia, nikamwomba Mungu amrehemu.

Upande wa pili wa ukuta, Bi Mwanaisha akajibu, "Amin."

Jumapili ijayo sitakaa karibu na mlango.