Si Mimi Niliyemwaga Maji

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba miguu yako iwe imepungua kuvimba, na mpunga wa bondeni usiwe umesombwa na mvua hizi. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri.

Nimesikia mmeambiwa huko Kasansa kwamba nimeua kompyuta ya watu kwa kuimwagia maji. Ndiyo maana sikupiga simu. Baba mdogo aisome barua hii kwa sauti, na majirani wasikie.

Hapa Mpanda, studio yetu ya video za harusi ina kompyuta moja kubwa. Ikipata joto sana inajizima katikati ya kazi. Bosi akamleta fundi, Edigari, mtu wa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, anayetaka aitwe Injinia. Akabandika kibamba cheupe, kidogo kama biskuti, juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ukikipa umeme, upande mmoja unakuwa baridi kama barafu, wa pili unachoma na unapoozwa na feni.

Nikamwambia, "Injinia, masika haya hewa ina unyevu. Soda ikitoka kwenye friji, chupa inatoa jasho. Hicho nacho kitatoa jasho, na chini yake kuna umeme. Tuzibe pembeni hewa isifike."

Akacheka hadi akashika meza. "Dada, kazi yako ni kuunganisha picha. Mambo mengine waachie wasomi."

Siku ya tatu mashine ikafa. Kuifungua, bodi, yaani ile sahani ya ndani inayobeba prosesa, imelowa. Edigari, bila aibu, akamwambia bosi, "Huyu alikuwa na kikombe cha maji hapa."

Mama, angekuwa mjinga tu ningemvumilia, mjinga anafundishika. Huyu ni mjinga, ni mwongo, na bado anajiona.

Bosi akaniambia nikusanye vitu vyangu. Nikasema, "Nitaondoka, ila nipe dakika kumi." Nikakiwasha kile kibamba na feni yake juu ya meza kavu, nikarudi nyuma, mikono nimeikunja kifuani. Kikaingia ukungu, vikatokea vitone, vikaungana, vikachuruzika mezani.

Mteja mmoja, mama mtu mzima, akauliza, "Sasa kikombe kiko wapi?"

Edigari akasema eti ni hali ya hewa.

"Ndicho nilichokwambia," nikamjibu.

Sikuondoka. Bodi mpya niliifunga mwenyewe. Nilikata kandambili mpya, maana mpira wake haunyonyi maji, nikaubana kuzunguka prosesa pasibaki upenyo. Soketi, pale prosesa inapokaa, nikaipaka mafuta ya mgando. Halafu nikapunguza umeme wa kibamba, kipoe kiasi, kisifike baridi ya kutoa jasho. Mvua imenyesha wiki nzima. Nimefungua kukagua, pakavu kabisa.

Edigari akiniona barabarani anavuka upande wa pili. Bosi hajaniomba radhi, watu wa aina yake neno hilo huwakwama kooni. Amesema tu, "Yaishe," akanipa ufunguo wa ofisi. Nimeupokea bila asante.

Nisalimie baba mdogo, asichoke kusoma. Na shangazi Kostansia msuka mikeka, na wifi na kichanga chake ambacho sijakibeba. Nyie wote nawakumbuka sana.

Mwanao, anayefungua ofisi kila asubuhi,
Anastazia