Ufunguo Uko kwa Shuriye

S.L.P. 143,
Isiolo.
14 Machi 1981

Mpendwa kaka yangu Mahamud,

Salaam aleikum warahmatullahi. Hamjambo huko Mombasa na joto lenu? Wifi yangu Mako hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto, dawa ya hospitali ilimsaidia, au mnanificha kama kawaida yenu? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mimi usingizi umenipaa tangu Jumanne. Miguu ya Mama inamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anafagia ua mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Mvua bado. Vumbi limetuingia mpaka ndani ya sufuria.

Sasa hili la nyumba. Uliniandikia nitafute dalali wa kuiuza nyumba ya marehemu baba hapa Kiwanjani, ili Mama aje kukaa kwenu, na ukanionya nisimwambie neno mpaka mnunuzi apatikane. Kuandika ni rahisi, kaka. Mimi ndiye ninayemtazama machoni kila asubuhi nikija kutoka kwa mume wangu, mtaa wa Chechelesi.

Kwanza nilimwendea Mzee Denge, yule aliyekuwa karani, ambaye siku hizi anawaandikia watu barua na kuwauzia ploti. Unamjua, mtu wa miwani na maswali. Aliniuliza karatasi ya ploti iko wapi, nikamwambia iko kwenye sanduku la Mama. Akasema, "Basi mama akuje hapa na hiyo karatasi. Mimi nataka kusikia na mdomo yake." Niliaga upesi kama mwizi. Kwa maagizo yako, ningemleta vipi?

Ndipo nikamfikiria Shuriye. Ni dalali wa ngamia na mbuzi, ndiyo, lakini ni mtu wa ukoo wetu na soko lote linamwamini. Hakuuliza karatasi, wala hakumtaja Mama. Alisema mashahidi wanatosha. Jumanne, Mama alipokwenda kwa jirani yetu Nakiru, Shuriye alikuja kuitazama nyumba. Akataka kuona chumba cha nyuma, nami nikampa ufunguo afungue mwenyewe. Afungue mlango tu, Mahamud! Alifungua, akatazama dari, akafunga, akautia ufunguo mfukoni na kwenda zake.

Wewe umekulia kando ya soko lile. Dalali akipewa kamba ya mnyama ashike, mnyama yule yuko mkononi mwake, na dalali mwingine hamgusi tena. Kwa Shuriye, ufunguo ule ni kamba. Niliingiwa na hofu, nikamrudia Denge kesho yake, lakini alikuwa amekwisha kusikia. "Hiyo nyumba iko na mtu," akaniambia. "Mimi siwezi kushika kamba mwingine ameshika." Nikamfuata Shuriye mpaka sokoni kuudai ufunguo. Alicheka. "Abaayo, dada yangu, wacha wasiwasi. Kaka yako ndiye alisema iuzwe. Yeye ndiye atanitoa, na ni mbele ya watu." Nikarudi mikono mitupu, wanaume wa soko wananitazama.

Jana ndiyo balaa. Bila hata kunipa habari, Shuriye alitokea uani na mfanyabiashara mmoja wa Kinna, na Mama yupo. Mama akadhani ni wageni wamekuja kumjulia hali. Akaniamuru nichemshe chai ya maziwa, akawatandikia mkeka. Walikunywa, wakaisifu. Kisha wakasimama pale mlangoni, wakafunika mikono yao kwa shuka, wakaanza kupatana bei kwa vidole chini ya kitambaa, vile wafanyavyo sokoni ili mtu wa tatu asijue.

Kaka, tulisahau kwamba Mama aliuza mbuzi pale sokoni miaka ishirini. Aliitazama ile shuka kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Luul, hawa wanauza nini? Sisi hatuna mbuzi."

Mama aliinuka, akakusanya vikombe, vingine bado vina chai, akaingia ndani. Yule wa Kinna aliona haya, akautoa mkono wake akaondoka. Shuriye akamfuata, na ufunguo anao.

Naogopa. Naogopa Shuriye atampata mwingine asiyeona haya. Na ninajionea aibu, maana nilimkimbia Denge kwa sababu aliuliza lile ambalo mimi na wewe tulipaswa kumuuliza Mama kabla ya yeyote. Basi usiniandikie tena habari za dalali. Panda basi uje umwondoe Shuriye mbele ya watu, lakini kabla hujafika sokoni, kaa mkekani na Mama umuulize. Akikubali, nitampeleka mwenyewe kwa Denge na karatasi yake. Akikataa, nyumba haiuzwi, hata ukinikasirikia.

Mume wangu anakusalimu, na Nakiru pia. Nibusie watoto, umwambie Mako namkumbuka. Mwenyezi Mungu awalinde na maradhi na ajali za barabarani.

Leo asubuhi nilimwambia Mama ninakuandikia, nikamuuliza nikutumie salamu gani. Aliendelea kukunja nguo zake sandukuni, akaniuliza amepewa siku ngapi za kuhama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Luul Kahin