Nilipoomba Soda Isiyo na Sukari

Mpanda, Jumatano, Agosti 1996

Leo nimembembeleza yule bwana wa kampuni ya soda mbele ya wateja, na sioni aibu.

Alikuja dukani kwetu kubandika bango la chupa mpya, kubwa kuliko ya zamani. Nikamwambia, "Kaka, mume wangu amenenepa mpaka kupumua kunamshinda. Daktari amesema ana ugonjwa wa sukari, aache soda. Hamna hata moja isiyo na sukari?"

"Zipo, mama, Dar es Salaam. Huku kwenu hazinunuliwi."

"Mliwahi kutuletea tukazikataa?"

Akacheka, akaendelea kubandika.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa amekaa pale pale juu ya kreti, anasikia. Hanywi kitu kingine ila soda. Maji anasema ni ya wagonjwa. Tangu jana kidole chake cha mguu kimekuwa cheusi. Yeye anasingizia kiatu.

Yule bwana akamfungulia chupa kubwa aonje. Nikasema, "Baba Neema, usinywe." Akainywa yote, taratibu, huku ananitazama.

Nimelibandua bango. Lakini kesho nitauza soda zile zile, maana ndizo zitakazomlipia hospitali.