Vidonge Ndani ya Mtungi wa Wimbi

S.L.P. 61,
Marani.
14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Jasper,

Habari za Doha na joto lake? Kile kikohozi chako kimeisha? Huku tunaamka, tunachuma chai, tunalala. Tangu tumzike mama mwezi wa Aprili, nyumba imekuwa kubwa mno. Bado napika ndizi za watu watatu.

Jasper, ugonjwa wa Celestine umerudi.

Unakumbuka saratani yake ya damu ilivyotulia mwaka jana? Mimi ndiye niliyeomba kanisani tupewe Sabato ya shukrani. Mdogo wetu alisimama mbele akashuhudia kwamba Mungu amemponya. Kumbe tangu siku hiyo aliona haya kumeza dawa. Mwezi wa Juni, nikichota wimbi wa uji, nilikuta pakiti zake ndani ya mtungi, hazijafunguliwa.

"Dada, mtu aliyeponywa anameza dawa ya nini?" aliniuliza. Nilizikusanya pakiti nikampeleka hospitali.

Daktari hakutugombeza. Alisema vidonge huua chembe nyingi mbaya, lakini chache hubaki zimelala ndani kabisa ya mifupa. Ndiyo maana alitaka aendelee kumeza hata akijisikia mzima. Zilipoamka, nyingine zilikuwa zimebadilika, na dawa ile haiziwezi tena. Wamejaribu ya pili, nayo imeshindwa. Nilimuuliza kama angemeza zote ugonjwa ungerudi. Akasema huwarudia hata baadhi ya wanaomeza kila siku, kwa hiyo hawezi kujua. Jibu hilo halinipi raha, Jasper. Ile shukrani niliipanga mimi.

Kilichobaki ni kuwekewa uboho wa ndugu wa damu. Nilipimwa mimi, wangu haulingani na wake. Umebaki wewe tu. Wanaweza kukupima huko huko. Tafadhali usingoje likizo ya Desemba.

Yeye hataki nikuombe. Anacheka, eti, "Jasper akinipa uboho wake nitaanza kukoroma kama yeye." Kisha anageukia ukutani.

Mjomba Thadeus anakusalimu sana. Nisalimie Ruth mkeo. Mungu awafunike nyote.

Nakumbuka asubuhi ile ya baridi ulipomvisha Celestine sweta lako, ukaenda shule unatetemeka, ukamwambia mama umelisahau darasani. Siku ile hakuna aliyekuomba. Leo mimi nakuomba.

Dada yako akupendaye,
Edinah