Shina Limebaki Vidole Viwili

Shimoda,
Jumanne, 21 Juni 1994

Mpendwa kaka Tetsuya,

Shikamoo. Hali yako huko Nagasaki? Natumaini unakula chakula cha kweli, si tambi za kumwagia maji ya moto tu. Sisi ni wazima, ila goti la Bibi linamsumbua kwa mvua hizi.

Naandika kwa kuwa hupokei simu tangu ulipogombana na Bibi mwaka mpya. Amepatikana mtu wa kununua bustani, anataka kuegesha magari. Karatasi zinangoja muhuri wa Bibi tu. Wiki iliyopita Bibi alikata ua la ajisai, lile shada la kwanza la buluu kwenye kichaka ulichopanda ukiwa darasa la pili, akaliweka mezani kando ya karatasi.

"Tetsuya akija kabla halijanyauka, sipigi muhuri," alisema. "Asipokuja, nani atapogoa? Wewe na vitabu vyako?"

Nikafanya kosa, kaka. Nililipeleka kwenye madhabahu ya marehemu Babu ili atusaidie, nikawasha na ubani. Kufika mchana moshi ulikuwa umelilegeza, kichwa chini. Nililia.

Kitabu cha maktaba kinasema ajisai hunywa hata kwa petali. Nikakata shina mshazari ndani ya maji, nikachokoa kiini cheupe cha katikati, nikasugua hapo shabu, ile chumvi ya Bibi ya kuvundikia biringani, ili linywe maji, kisha nikazamisha ua zima kwenye beseni.

Bibi akapita, akatania kama vile naogesha mtoto. "Msugue na masikio."

Baada ya saa mbili likainuka. Lakini shina sharti likatwe upya kila asubuhi. Juzi niliacha kukata, jioni likaanza kuinama. Limetoka kwenye chupa, likaingia bakuli la chai, na leo liko kwenye kikombe cha Babu cha sake, ile pombe ya mchele. Shina limebaki upana wa vidole viwili.

Jana alfajiri nilimkuta Bibi analinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Alisema anafuta vumbi.

Barua hii ikikufika, panda treni siku hiyo hiyo. Huna haja ya kutafuta maneno, simama tu mlangoni. Nakuomba, kaka. Nyumba nzima haina kikombe kidogo kuliko hiki.

Nisalimie shangazi Kinue na mumewe. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Chizuru