Kisu Nilichosema Kimepotea

Mpendwa Wanjiku, binti yangu ninayekuita Mama,

Nimekuita Mama tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni, kwa kuwa jina lako ni la mama yangu mzazi, na sitaacha leo eti kwa sababu umekuwa muuguzi Amerika na unajiandaa kuwinda swala. Nimetoka kanisani, nimekunywa chai, na mezani hapa kuna katoni yenye vitu ulivyoagiza. Kabla sijaifunga, kuna jambo nataka ulisome kwa mwandiko wangu, maana kwenye simu ningelikwepa tena.

Kisu chako hakikupotea. Kile kidogo cha kuchunia, nilichokuambia nimekitafuta bucha nzima nisikione, kilikuwa kwenye droo siku zote. Nilikuwa nimekishika mkononi nikikuambia hivyo.

Siku ile ulipopiga simu ulikuwa na furaha ambayo sijaisikia kwako tangu tumzike mama yako. Ulinieleza kwamba familia ya mwenzako wa kazini imekualika kwenda nao, kwamba huko ni ruhusa ukiwa na kibali, kwamba umefundishwa kulenga na hukosi. Mimi nilikuwa nacheka tu. Orodha yako ilikuwa fupi: kisu, kinoo, na ile sweta ya kijivu ya mama yako, kwa kuwa asubuhi za huko zinashinda Timau kwa baridi. Halafu ukasema, kama mtu anayepita njia tu, "Kwa hivyo Baba, ile off ya kuja nyumbani ndio nitatumia. Nitakuja mwaka ingine."

Hapo ndipo nikasema, "Hiyo kisu sijaiona."

Nilidhani bila kisu utaahirisha. Mzee mzima, mvi kichwa kizima, naficha kisu kama mtoto anayeficha kiatu cha mgeni ili asiondoke. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni, kwa sababu ulijibu tu, "Sawa tu Baba, nitanunua ingine huku." Hukukasirika. Ningekuwa na nafuu kama ungekasirika.

Wajua kisu hicho kilivyokuwa chako? Kilikuwa changu cha kazi, nikakinoa miaka mingi hadi kikawa chembamba. Ulipofika miaka kumi na miwili ukaanza kusimama nyuma ya bucha, hapa Mukurweini, kila nikichinja mbuzi, ukiniuliza maswali hadi wateja wakakuita fundi. Nikakipunguza urefu, nikafunga mpini kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili usikuteleze. Mbuzi wa kwanza ulitoboa ngozi mara mbili, ukalia. Mama yako alinigombeza kwamba namfunza msichana kazi ya wanaume, kisha kesho yake nikamsikia kwa jirani akijisifu kwamba mtoto wake anachuna mbuzi.

Na safari ile ya Timau, tulipoenda kutafuta kondoo. Ngano ilikuwa imevunwa, na kwenye mabua walisimama swala watano wakitutazama. Uliuliza, "Baba, huyo anakatwa aje?" Nilikujibu kwamba huyo si wetu, umwangalie kwa macho tu. Nilikuwa nawaza sheria inayokataza kuwinda, lakini pia nilikuwa namsikia mama yangu. Nyanya yako hakuruhusu nyama ya porini ikaribie chungu chake. Alisema ng'ombe wangekauka maziwa. Nimemwomba radhi kwa niaba yako. Huko aliko hana ng'ombe tena, na mimi nimebaki na mmoja tu, ambaye amekauka mwenyewe bila msaada wa swala yeyote.

Basi sikiliza. Nimekinoa kisu, nimekizungushia gazeti na kitambaa, usikimbilie kufungua kwa mkono. Kinoo kiko chini. Nimeongeza kamba ya kuning'inizia, najua utasema huko kamba zipo. Swala akianguka, usimkimbilie, mngoje atulie. Mchune akiwa bado na joto. Ukipasua tumbo, makali yaelekee juu na kidole kitangulie, usije ukatoboa utumbo ukaharibu nyama yote. Hakuna afisa wa afya wa kukugongea nyama muhuri huko porini, kwa hivyo ini uliangalie mwenyewe kama nilivyokuonyesha. Likiwa na madoa, msile. Kwa mila yetu figo ni za wasichana. Hao wenyeji wako labda hawajui, wewe zichukue bila kuomba.

Sweta ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Sikuifua. Utaifua wewe ukitaka.

Nitakuambia ukweli mwingine, kwa kuwa nimeanza. Hii ni mara ya tatu kupakia katoni hii. Mara mbili nimevitoa vitu nikavirudisha mahali pake, kwa sababu nyumba ilionekana imehamwa. Bucha nafungua asubuhi, jioni narudi hapa, napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Watu wakiniuliza habari zako nasema uko vizuri, unakuja karibuni. Nimelisema hilo miaka minne. Nina upweke, Mama. Sikuwahi kukuambia kwa sababu ulikuwa na masomo, kisha kazi, na sasa una swala.

Lakini nenda. Ile furaha niliyoisikia kwenye simu ni yako, na mimi sikukulea ili uwe mlinzi wa msumari wangu. Ukimaliza, nipigie unieleze mlivyogawana nyama, na ni nani alikaa karibu nawe mkila. Hilo ndilo nitakalotaka kujua kwanza.

Ijumaa nilienda posta Nyeri. Msichana wa dirishani alisema nirudi Jumatatu na katoni ikiwa wazi waikague, akanipa fomu nijaze nyumbani. Akanionyesha swali moja chini kabisa, akiniita guka kama vile mimi ni babu yake. "Guka, mzigo ikikosa mwenyewe huko, irudishwe ama iachwe?" Nilimwambia nitafikiria. Akacheka, akadhani namtania.

Nimefikiria siku mbili. Sasa hivi nimeweka alama: iachwe huko. Kisu ni chako, sweta ni ya mama yako, vyote vibaki.

Wewe ndiye urudi.

Ni mimi,
Baba yako